Rejeta ya Baba Sekela

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Sekela,

Tulifundishwa kuanza barua kwa kusema "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Nimeandika hivyo maisha yangu yote, hata nilipokuwa natetemeka kwa malaria mpaka kalamu inaruka mistari. Leo nimeshindwa. Mimi si mzima, na ndiyo sababu nakuandikia barua wakati bado tunalala chini ya paa moja.

Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Niliugusa nikiwa naoga, wakati ule wa kupalilia mahindi, nikauacha nikidhani ni jipu tu, litaiva na kupasuka. Haukuiva. Siku ile niliyokuaga kwamba nakwenda kuulizia mbolea, nilikwenda hospitali, Makandana. Daktari, dada mmoja wa Kagera mwenye mikono ya baridi, alinipapasa, kisha akaniandikia niende Mbeya nikapimwe na pengine nikatwe. "Mama, usikae nao," aliniambia. Nikarudi nyumbani nikakaa nao. Mpango wangu ulikuwa wewe utangulie Singida, uripoti shule uliyopangiwa kufundisha, upewe nyumba, uzoee, halafu mimi nianze kujishughulikia kimyakimya bila mtu kunililia.

Kwa hiyo barua hii isome hapahapa, kabla hujapanda gari. Najua barua ya namna hii mtu hupewa mlangoni akaambiwa akaisome mbele ya safari. Hii haifai kusomwa mbele ya safari. Nataka uende Singida, Sekela, nataka sana. Siku hizi serikali inapunguza watu, haiongezi, na nafasi uliyoipata wenzako wanaitafuta kwa tochi. Usiporipoti atapewa mwingine, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Lakini nataka uende ukijua.

Mambo ya kufua, kupika, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitayagusa. Kama hukuyajua mpaka leo basi mimi na shule zote ulizosoma tumekula hasara. Nimekaa mezani wakati wewe uko kijijini Masoko kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Nina nafasi ya kutosha kuandika.

Kilichonibadilisha nia ni wewe mwenyewe asubuhi ya leo. Uliniona nimebeba gunia la maharage kwa mkono mmoja, ule wa kulia, ukaniuliza, "Mama, mkono wa kushoto una nini?" Nikakujibu, "Nimechoka tu." Ulishaondoka zako kuelekea kisimani, mimi nikabaki nimesimama pale uani kama mti. Maneno yale hayakuwa yangu. Ni ya baba yako, neno kwa neno, na aliyatamka akiwa amesimama palepale, siku tulipofunga ile rejeta ya gari.

Mengi ya baba yako unayajua. Hili la rejeta ulilisikia kama kichekesho, kwa sababu yeye alikuwa anakigeuza kichekesho kila kitu kilichomuuma. Acha mimi nikusimulie kama lilivyokuwa.

Alipokuwa dereva wa ushirika, kabla hujaanza shule, gari halikuwa lake na spea hazikuwepo. Bolti moja ilihitaji kibali. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria, wanunuzi binafsi wakaingia mpaka Ikuti na mifuko yao, ushirika ukapwaya, madereva wakaambiwa wakae nyumbani. Wenzake walilia. Baba yako alichukua kiinua mgongo chake akanunua ile pikapu, kuukuu lakini yake, akarudi nayo anapiga honi kuanzia njia panda. Mimi nilikuwa na ndizi zangu, nikaanza kununua na za majirani, yeye akawa anazipeleka Mbeya. Tukawa wafanyabiashara. Nilijiona mkubwa nikikaa mbele, kitenge kipya kichwani, nashikilia dirisha lisiloshuka.

Rejeta ilikuwa inavuja tangu siku ya kwanza. Hilo kila mtu alilijua, kwa sababu magari yote ya huku yalikuwa yanavuja na hakuna aliyejali. Wewe umezaliwa hapa kwa hiyo hujawahi kulishangaa. Kutoka hapa mpaka Uyole, ni kona gani isiyo na maji? Kuna kijito, kuna bomba lililopasuka, kuna mfereji, na isipokuwa hivyo kuna mvua. Dereva wa Rungwe alikuwa na dumu lake nyuma ya kiti. Akiona moshi anasimama, anachota, anajaza, anaendelea. Hakuna aliyeita kitu kile ubovu. Baba yako aliita "kulinywesha." Alisimama kila safari mahali palepale, mpaka kina mama wanaofua kwenye kile kijito cha Kiwira wakimwona wanasogeza ndoo zao.

Fundi wa gereji ya Makandana alimwambia mara nyingi, "Kaka, toa hiyo rejeta tuichomelee, au utafute nyingine." Yeye akajibu maji ya Mungu hayauzwi. Tundu lilipokuwa kubwa alitia manjano. Ndiyo, manjano hayahaya ya mchuzi, pakiti nzima, ukitia ndani unga unakwenda unaziba tundu. Manjano yaliposhindwa akatia ute wa yai. Nilimwuliza lini ataweka na kitunguu ili tule. Tulicheka sana siku ile. Na ni mtu huyohuyo aliyewahubiria majirani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kila akiona ukuta wa mtu una mstari.

Basi mwaka ule ndizi zilijaa na bei ya Mbeya ikaanguka. Tukasikia kwamba Chunya kuna wachimba dhahabu, watu wana fedha na hawana ndizi. Ilikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Tulipakia alfajiri, wewe ulikuwa shuleni, bweni. Tulipokuwa tunapanda ile milima ya nyuma ya Mbeya gari lilichemsha mara mbili, tukalinywesha kama kawaida. Halafu tukavuka upande wa pili na kuanza kushuka, na mimi nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani. Tulipita daraja, chini kuna mchanga. Tukapita daraja la pili, mchanga. Miti haina majani. Nikamtazama baba yako, naye ameshika usukani kwa mikono miwili.

Mshale wa joto ukapanda. Alitia maji ya dumu, yakaisha. Akatia maji yetu ya kunywa. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Sekela, toa hiyo chupa ya chai."

"Chai?"

"Ni ya rangi, haina maziwa. Toa tu."

Tukalinywesha gari chai yenye sukari na tangawizi. Mpaka leo watu wakikisikia kisa hicho wanacheka hapo, na baba yako alipenda kukiishia hapo. Mimi naendelea. Nilimwambia tusimame, tungoje gari jingine lipite lenye maji. Akasema, "Tufike hapo mbele tu." Nikasema simama. Akasema, "Hapo mbele tu, mama." Hapo mbele injini ilipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa, ikashika isizunguke tena, gari likajivuta kidogo likanyamaza.

Tulikaa pale barabarani mpaka kesho yake, katika jua ambalo ndizi zilikuwa zinaiva huku unaziangalia. Nyingine tuliwagawia wapita njia, nyingine zikaoza. Sikumlaumu kwa ndizi, na wala sikumlaumu kwa injini. Nilimwuliza jambo moja. Nilimwuliza alijua tangu lini kwamba rejeta imefika hali ile. Akafuta uso kwa shati, akasema, "Tangu kabla ya Pasaka. Fundi aliniambia haitavuka mlima."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unafurahi na biashara yako. Nisingeweza kukuharibia."

Sekela, nilikasirika kuliko siku yoyote ya ndoa yangu. Nilipanda kwenye lile gari kwa miguu yangu, na mali yangu, na ndizi za majirani wawili waliokuwa wameniamini. Ningejua, labda ningepanda vilevile, maana na mimi nilikuwa na tamaa ya ile Chunya. Lakini ningebeba maji, au ningesema tungoje mvua. Yeye alinichagulia, tena akaita kunichagulia huko kunipenda. Hilo nililimeza likanikwama.

Tulivutwa mpaka Mbeya, mimi nikarudi nyumbani kwa basi, yeye akabaki na gari. Injini ilifunguliwa, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapelekwa kusawazishwa, gasketi ikawekwa mpya. Na pale Mbeya, kwenye vile vibanda vya spea za mtumba kutoka Japani vilivyoanza kuota kama uyoga siku hizo, baba yako akapata rejeta. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa nzima. Aliipakata kwenye basi kutoka Mbeya mpaka nyumbani kama mtu anayetoka hospitali na mtoto. Aliposhuka alinikabidhi mikononi, akasema, "Hii tutaifunga mimi na wewe. Fundi simwiti. Nataka uone kila kitu, usije ukaniuliza tena nilijua lini."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na mimi niliipokea. Gari likavutwa kutoka Mbeya mpaka uani, nikavaa suruali yake kuukuu, jirani akaja kuchungulia na kuondoka anaguna.

Kwanza alifungua kizibo cha chini, maji yaliyobakia yakatoka. Yalikuwa ya njano, mazito, na yananuka kama jikoni. Alilegeza bana za mipira miwili, wa juu na wa chini, akaitoa mipira, kisha akaniachia mimi bolti za upande wangu naye akafungua za upande wake. Tukaitoa ile rejeta ya zamani kwa kuinyanyua juu taratibu ili isigonge feni. Aliilaza chini akachungulia mdomoni mwake, akaniita nichungulie. Zile njia nyembamba za maji zilikuwa zimezibwa kabisa na manjano yaliyokauka, na tope la vijito vyetu vyote. "Unaona?" aliniambia. "Nilikuwa naziba tundu, kumbe naziba na njia." Alilisema polepole, bila mzaha, na mimi nikamwamini kwamba amejifunza.

Ile ya Mbeya tuliiosha kwanza, tukapitisha maji kinyumenyume mpaka yakatoka meupe. Alinituma nichuje maji kwa kitenge safi, maji ya kijito hakuyataka tena. Kuifunga kukatushinda mara ya kwanza kwa sababu matundu ya bolti hayakulingana na ya gari letu. Alitaka kulazimisha kwa nyundo. Nikamwambia aache, tukakata vipande vya tairi, tukatoboa, tukaviweka katikati ili ikae bila kubanwa na isitikisike. Mpira wa juu ulikuwa mfupi, tukakata mwingine mrefu. Alinionyesha kukaza bana mpaka ikamate, isikate mpira. Kisha tukajaza maji, akawasha injini, na akanizuia mkono nilipotaka kufunga kifuniko.

"Bado," alisema. "Subiri itoe hewa. Ukifunga sasa utadhani imejaa."

Nikasubiri nikitazama mapovu yakipanda. Maji yalishuka, nikaongeza, yakashuka tena, nikaongeza. Mpaka mpira wa juu ukawa wa moto na maji yakatulia. Ndipo akaniambia nifunge mwenyewe. Nilifunga. Ile ilikuwa siku njema, Sekela. Nataka ujue kwamba baba yako na mimi tulikuwa na siku njema.

Balaa lilitokea wakati wa kuondoa ile ya zamani uani. Alikuwa amevaa kandambili. Aliinyanyua peke yake, ikamponyoka, kona yake ikamkata kidole kikubwa cha mguu. Damu ilitoka kidogo tu. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anahema kama aliyepanda mlima, jasho linamtoka na jua lenyewe lilikuwa limekwisha kuingia mawinguni. Akaomba maji. Nikampa kikombe, akanywa, akaomba kingine, akanywa, akaomba kingine. Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe na hili gari mlizaliwa pacha." Naye akacheka. Nikamwuliza, "Lakini una nini?"

"Nimechoka tu."

Nilikubali kwa sababu nilitaka kukubali. Mtu aliyekuwa anaamka kukojoa usiku kucha, aliyekuwa amekonda mpaka mkanda umetobolewa matundu mapya, aliyekunywa kila maji aliyoyaona, nami nilikuwa mke wake, nalala naye. Macho nilikuwa nayo. Nilikuwa na biashara iliyorudi, gari lililopona, na mume aliyeniahidi kwamba hatanificha tena kitu. Nikaona niongeze kikombe kingine, tuendelee.

Kidonda hakikupona. Alivaa buti za mpira ili nisikione, akasema ni kwa sababu ya tope. Harufu ndiyo iliyomsema. Nilipomvua zile buti kwa nguvu, akiwa amelala hana uwezo wa kunizuia, mguu ulikuwa umekwisha kuwa mweusi. Na yeye akanitazama na kusema alijua. Walimpima Mbeya, wiki zile alizokuwa anangoja silinda hedi, wakamwambia ana sukari. Akaja nyumbani na rejeta, akaacha habari ya sukari hukohuko. Nilimwuliza kwa nini. Unajua jibu lake? "Tulikuwa ndiyo kwanza tumepona na la Chunya."

Sasa nafika kwangu. Haya ya baba yako nayasema kwa urahisi kwa sababu amelala Masoko na hawezi kunijibu. Yangu ni magumu zaidi na wewe umeyajua muda wote, ila mimi sijawahi kuyatamka mbele yako.

Ulikuwa bweni, unajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Uliandika kuuliza kwa nini baba haandiki. Nami nikachukua kalamu nikakuandikia kwamba sisi sote ni wazima, baba anakusalimu, yuko safarini na ndizi. Baba alikuwa chumba cha pili, na shangazi yako anampepea nzi. Yeye mwenyewe alikuwa ameniomba nikuite. Sijakuambia hilo. Aliniomba mara nyingi, "Mwite Sekela," na mimi nikamjibu amalize mtihani kwanza. Nilihesabu kwamba ataifikia siku hiyo. Nilijipa madaraka ya kuhesabu siku za mtu.

Ulipokuja kaburi lilikuwa limeshawekwa maua. Hukulia. Ulisimama ukaniuliza, "Mama, ile barua uliiandika kwa mkono wako?" Na mimi, badala ya kukushika, nikakujibu, "Ungekuja ungefanya nini? Wewe ni daktari?" Watu waliokuwepo walinisifu kwamba mama ana moyo wa chuma. Nimelibeba neno lile miaka yote hii. Nimeliombea msamaha kwa Mungu kanisani, nikaimba, nikatoa sadaka, lakini Mungu si yeye niliyemwambia lile neno. Nisamehe, mwana gwangu. Ulikuwa na haki ya kumwona baba yako akiwa na mguu mbovu, kumpepea nzi, kukosa mtihani kama ungetaka kuukosa, na kulia naye. Nilikunyang'anya hayo na sina pa kuyatoa nikurudishie.

Na ulifaulu. Huo ndio ubaya wake. Kila mtu alisema nilifanya vyema, hata mimi nilipokuona na cheti nilijisemea kimoyomoyo, basi, si unaona. Jambo baya likizaa matunda mazuri ni vigumu kuliacha. Ndiyo maana nilipougusa huu uvimbe sikufikiri mara mbili, nikaenda njia ileile niliyoizoea. Tangu kupalilia mpaka leo nimekuwa nakuchekea, nakupakia maharage, nakushonea mashuka, huku nakuandikia ile barua ya bweni upya kila siku bila kalamu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimzika mume nikiwa naujua msemo huo. Kujua hakujanisaidia kitu mpaka nilipojisikia mwenyewe natamka lile neno uani asubuhi hii.

Baba yako mdogo Gwakisa nimekwisha kumwambia mchana, alipokuja kulitazama gari atakalokupeleka nalo. Alivua kofia. Kisha akaniuliza, "Shemeji, na mtoto anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Mimi simpeleki mtu ambaye hajui anamwacha nani. Mwambie, au atafute basi." Nilitaka kumgombeza, mdogo wa mume ananipangia nyumbani kwangu. Nikaona ana haki. Tumekubaliana kwamba Alhamisi atanipeleka Mbeya. Nimeshatafuta wa kunilishia ng'ombe. Kwa hiyo nakwenda kutibiwa, uwepo usiwepo, na hilo usiliwekee shaka.

Nimerudi nyuma kusoma nilichoandika, na pale juu nimeona nimekuambia kwamba nataka uende, tena nimekutisha na habari za serikali kupunguza watu. Sijapafuta. Ona jinsi nilivyo, hata nikiwa naungama nimeshakuamulia. Nilikuwa nimejiandaa kukupa habari na amri katika bahasha moja.

Basi hiyo amri naiondoa. Wewe ni mtu mzima, una kazi, na una mama mgonjwa, na mambo yote matatu ni yako. Ukienda, nitakuandikia kila watakachosema Mbeya, na kama ni kibaya nitakiandika mstari wa kwanza, kabla ya salamu. Na wewe huko ukiugua, ukionewa, ukilia, hutaniandikia kwamba u mzima. Ukibaki, baki. Sitakuambia hata siku moja kwamba uliikosa Singida kwa ajili yangu, wala sitakubali uniambie. Lolote utakalochagua litakuwa na hasara yake, na mimi sina hekima ya kukuonyesha ipi ni ndogo. Zamani ningejifanya ninayo.

Kuna neno moja limebaki, na nimezunguka karatasi hizi zote ili nisilifikie. Naogopa, Sekela. Naogopa kile kisu, naogopa watakachokikuta, naogopa kufa kabla sijazeeka. Sijawahi kumwambia mtu hivyo, wala mama yangu, wala baba yako siku yoyote. Nimekuwa na moyo wa chuma mbele yako tangu ulipozaliwa, na umekua ukidhani mama yako haogopi kitu, labda ndiyo sababu na wewe huniambii yako.

Ukimaliza kusoma usitoke na mizigo. Niko jikoni. Njoo uniambie unafanya nini, na mimi sitasema neno mpaka umalize.

Mama yako